Neva Zikinyamaza, Moyo Hukosa Mlinzi

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kazi ya insulini, na namna sukari inavyozidi katika damu ya mtu mwenye kisukari. Tangu toleo hilo litoke, maswali mengi yaliyotufikia yamehusu jambo moja: mbona watu wengi wenye kisukari hufa kwa maradhi ya moyo, na mbona wengine hupata shambulio la moyo bila kuhisi maumivu yoyote kifuani? Mwanachama mmoja ametuandikia kwamba babu yake, kule Tanga, alilalamika uchovu kwa siku mbili tu. Nyumbani walidhani ni malaria. Alipofikishwa hospitali, kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba moyo ulikwisha kushambuliwa.

Leo tujaribu kujibu. Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza inajulikana kwa miaka mingi: kisukari huharibu neva zinazobeba habari ya maumivu. Ya pili bado inafanyiwa utafiti: neva hizo hizo, mbali na kubeba habari, humwaga ndani ya moyo kemikali ndogo ndogo zinazousaidia kustahimili taabu. Kemikali hizo huitwa neuropeptidi. Kwa hiyo neva ikifa, moyo hupata hasara mara mbili. Hukosa wa kuupigia kelele, na hukosa wa kuupa huduma ya kwanza.

Tuanze na maneno

Kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili, tukubaliane kwanza juu ya maneno. Neva ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Wengine huziita mishipa ya fahamu, lakini hapa tutasema neva, ili tusizichanganye na mishipa ya damu ambayo nayo tutaitaja sana.

Asidi amino ni matofali yanayojengea protini. Ukitunga asidi amino chache kama shanga katika uzi mfupi, unapata peptidi. Uzi ukiwa mrefu, wa mamia ya shanga, unaitwa protini. Insulini tuliyoizungumzia toleo lililopita ina asidi amino 51. Neuropeptidi, basi, ni peptidi inayotengenezwa na seli ya neva na kumwagwa nje ili kuipelekea seli nyingine ujumbe. Seli inayopokea ina vipokezi juu ya ngozi yake, na kila kipokezi hukubali peptidi yake kama kufuli linavyokubali ufunguo wake.

Unga wenye herufi P

Hadithi yenyewe ilianzia hapa Uingereza. Mwaka 1931, katika maabara ya Henry Dale jijini London, kijana kutoka Sweden aitwaye Ulf von Euler na mwenzake Mwingereza John Gaddum walikuwa wakitengeneza dondoo kutoka ubongo na utumbo wa farasi. Waliona kitu kisichofanana na kemikali zilizojulikana wakati huo. Kilishusha shinikizo la damu la sungura na kuufanya utumbo ujikunje, hata baada ya kutumia dawa ya kuzuia asetilikolini. Katika maandishi yao walikiandikia herufi P, na jina likabaki hivyo hivyo: Dutu P.

Ilichukua miaka 40 kujua Dutu P ni nini hasa. Huko Marekani, Susan Leeman alikuwa akitafuta homoni nyingine kabisa katika ubongo wa ng'ombe, akaona kwamba dondoo yake iliwafanya panya watokwe na mate kwa wingi. Hakulipuuza jambo hilo. Mwaka 1971 yeye na wenzake walitangaza mpangilio kamili wa Dutu P: asidi amino 11 tu.

Baada ya hapo ugunduzi ukafuatana. Mwaka 1982, Kazuhiko Tatemoto, akifanya kazi Stockholm, alipata katika ubongo wa nguruwe peptidi ya asidi amino 36, akaiita neuropeptidi Y. Wakati huo huo watafiti wa Marekani waligundua kwamba jeni inayotoa homoni ya kalsitonini inaweza kusomwa kwa njia nyingine na kutoa peptidi ya asidi amino 37. Hiyo hutajwa kwa herufi zake nne, CGRP. Mwaka 1985 watafiti wa hapa Uingereza walionyesha kwamba CGRP ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu kubwa kuliko vyote katika kupanua mishipa ya damu.

Hizi tatu, yaani Dutu P, CGRP na neuropeptidi Y, zote zimo katika neva za moyo. Mbili za kwanza hukaa katika neva za hisia, zile zinazopeleka maumivu. Ya tatu hukaa hasa katika neva za mshtuko, zile zinazouharakisha moyo tunapokimbia au tunapoogopa.

Somo kutoka jikoni

Kila aliyewahi kukata pilipili kisha akajisahau akagusa jicho anazifahamu neva za hisia. Kinachowasha ni kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko San Francisco, walikipata kipokezi cha kapsaisini, kinachoitwa TRPV1, na mwaka 2021 kazi hiyo ilimpatia Julius Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi hicho hufunguka kwa pilipili, kwa joto kali, na pia kwa asidi.

Kinapofunguka, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Neva hupeleka habari ubongoni, nawe unasema unaumia. Papo hapo ncha ya neva humwaga Dutu P na CGRP mahali ilipo, mishipa midogo ya damu ikapanuka. Ndiyo maana ngozi iliyopakwa pilipili huwa nyekundu na yenye joto. Kwa hiyo neva ya maumivu hufanya kazi za aina mbili: ni tarishi, tena ni mhudumu.

Sasa twende moyoni. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, misuli ya moyo hukosa oksijeni na asidi hujikusanya. Asidi hiyo huvifungua vipokezi vya TRPV1. Mtu huhisi kifua kinabanwa, na wakati huo huo neva humwaga peptidi zake. CGRP huilegeza misuli ya kuta za mishipa ya damu. Dutu P huufanya utando wa ndani wa mshipa utoe oksidi ya nitriki, gesi inayopanua mshipa. Damu kidogo iliyopo hupata njia, na seli za moyo hupata ishara za kuzisaidia kuvumilia.

Je, tunajuaje kwamba huduma hii ina uzito? Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, watafiti walibana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakauachia, wakarudia hivyo mara nne. Kisha wakaubana kwa dakika 40. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile iliyokufa kwa mbwa ambao hawakupewa maandalizi hayo. Moyo ulikuwa umejifunza kujihami. Sababu za kujihami huko ni nyingi, na baadaye majaribio ya panya yalionyesha kwamba neva za hisia ni mojawapo. Panya waliopewa kwanza kapsaisini nyingi hadi neva hizo zikaishiwa na peptidi zake walipoteza sehemu ya kinga hiyo. Panya walioondolewa jeni ya TRPV1 nao, mioyo yao ilirudia hali yake vibaya zaidi baada ya kukosa damu.

Sukari inapozifikia neva

Kisukari huanza kuharibu neva zilizo ndefu. Ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, mtu akakanyaga msumari asijue. Lakini ndani ya mwili pia kuna neva ndefu. Mojawapo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kufika moyoni hadi tumboni. Hiyo ndiyo inayoutuliza moyo. Ikidhoofika, moyo huenda mbio hata mtu akiwa amekaa. Baadaye neva nyingine za moyo huguswa, zikiwemo za maumivu.

Katika panya waliotiwa kisukari maabarani, watafiti wamepima na kuona kwamba Dutu P na CGRP katika neva hupungua. Vipokezi vya TRPV1 vya moyo navyo hupungua, na mioyo hiyo hupona vibaya zaidi ikikosa damu kwa muda. Hapo tunaiona ile hasara ya mara mbili kwa macho.

Kwa binadamu, tunazo takwimu za muda mrefu. Uchunguzi wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 1974 kwamba mwanaume mwenye kisukari ana hatari ya kushindwa kwa moyo mara mbili ya mwanaume asiye nacho, na mwanamke mara tano. Uchunguzi huo huo ulionyesha mwaka 1984 kwamba zaidi ya robo ya mashambulio ya moyo hayakutambuliwa yalipotokea, yaligunduliwa baadaye tu kwa kipimo cha umeme wa moyo. Hapa Uingereza, katika uchunguzi mkubwa wa kisukari cha aina ya pili uitwao UKPDS, kama mtu mmoja kati ya sita alikuwa na alama za shambulio la moyo la kimyakimya tangu alipoandikishwa, yaani wakati kisukari chake ndiyo kwanza kimegunduliwa. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa maneno hayo yanafaa kabisa.

Je, tumchome mgonjwa sindano ya Dutu P?

Ukifika hapa utauliza: ikiwa peptidi zimepungua, kwa nini zisirudishwe kama tunavyorudisha insulini? Wazo hilo wanalo watafiti pia, lakini kuna vizuizi vitatu.

Cha kwanza ni umri wa peptidi. Zikiingia katika damu, vimeng'enya huzikatakata kwa dakika chache, na zikimezwa, tumbo huzisaga kama nyama. Cha pili ni kwamba hazifanyi kazi moyoni peke yake. CGRP ikizidi kichwani huchochea kipandauso. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wa kipandauso wanazo dawa za sindano zinazoizuia. Hebu fikirini: dawa inayomponya mtu kichwa inazuia kitu ambacho huenda moyo wake unakihitaji. Ndiyo maana madaktari huwa waangalifu kuwapa dawa hizo watu wenye maradhi makubwa ya moyo.

Kizuizi cha tatu ndicho kigumu zaidi. Peptidi moja huweza kuwa rafiki leo na adui kesho. Dutu P husaidia katika dakika za mwanzo za taabu, lakini ikiendelea kumwagwa kwa muda mrefu huamsha seli za uvimbe, na katika wanyama imeonekana kuchangia moyo kutanuka na kukakamaa. Neuropeptidi Y nayo husaidia mishipa mipya ya damu kuota, jambo zuri kwa moyo wenye njaa. Lakini hiyo hiyo hubana mishipa iliyopo, na watafiti wa Oxford wameonyesha kwamba wagonjwa wenye nyingi ya hiyo wakati wa shambulio la moyo huwa na hali mbaya zaidi. Swali basi ni kiasi gani, mahali gani na wakati gani. Mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kurudisha Dutu P au CGRP katika moyo wa mwenye kisukari.

Hata hivyo, majirani wa wazo hili wamefika hospitali. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu zaidi ya 8,000 wenye moyo ulioshindwa, kama theluthi yao wakiwa na kisukari. Walipewa sakubitrili pamoja na valsatani. Sakubitrili huzuia kimeng'enya kinachokatakata peptidi kadhaa, hasa zile ambazo moyo wenyewe hutoa ili kupunguza maji na shinikizo. Dutu P ni mojawapo ya peptidi ambazo kimeng'enya hicho hukata. Vifo vya moyo na kulazwa kwa ajili ya moyo vilipungua kwa asilimia 20 kulinganisha na dawa ya zamani. Kisha iko GLP-1, peptidi inayotolewa na utumbo na pia na seli za neva katika shina la ubongo. Dawa zinazoiiga, kama liraglutidi, zilitengenezwa kwa ajili ya sukari, lakini mwaka 2016 jaribio la watu 9,340 lilionyesha kwamba zilipunguza mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 13. Kwa hiyo njia ya peptidi si ndoto.

Na kabla mtu hajatoka mbio kununua pilipili: hakuna ushahidi kwamba kula pilipili nyingi humtibu mwenye kisukari moyo. Tuendelee kuila kwa ladha yake.

La kufanya sasa

Kwa kuwa hatuwezi kurudisha peptidi, kinachobaki mikononi mwetu ni kuzitunza neva zinazozitengeneza. Jambo hilo limethibitishwa. Katika jaribio la DCCT lililotangazwa mwaka 1993, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza walifuatiliwa. Wale waliodhibiti sukari kwa bidii walipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2005, walipoangaliwa tena, kundi hilo lilikuwa na matatizo ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42.

Lakini kubana sukari kupita kiasi kwa mtu mwenye umri mkubwa na moyo dhaifu kuna hatari yake. Jaribio la ACCORD la watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili lilisimamisha mwaka 2008 sehemu yake iliyobana sukari mno, kwa sababu vifo viliongezeka. Katika jaribio hilo, waliokuwa tayari na uharibifu wa neva za moyo walikufa kwa kiwango cha mara moja na nusu hadi mara mbili kuliko wenzao, sukari ibanwe isibanwe. Hapo tunaona mambo mawili. Kiwango cha sukari cha babu kipangwe na daktari wake, wala kisiwe cha mjukuu. Na neva zitunzwe mapema, kwa sababu zikishaharibika kazi inakuwa ngumu.

Kujua kama neva za moyo zimeguswa hakuhitaji mashine kubwa. Miaka ya 1970, huko Edinburgh, David Ewing na wenzake walipanga vipimo vinavyofanyika kando ya kitanda: mgonjwa anavuta pumzi ndefu polepole huku mapigo yake yakihesabiwa, au anasimama ghafla huku shinikizo likipimwa. Moyo wenye neva nzima huongeza kasi ukivuta pumzi na kuipunguza ukiitoa. Moyo uliopoteza neva hupiga kwa kasi ile ile, kama saa ya ukutani.

Kwa hiyo, ninyi mlio huku na wazee wenu wako Tanga, Lamu, Bujumbura, au Leicester tu hapo, mnaweza kuuliza maswali machache kwenye simu. Je, baba, ukisimama ghafla unapata kizunguzungu? Moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa? Miguu ina ganzi? Majibu yakiwa ndiyo, amwambie daktari, hata kama hakuulizwa. Na mwenye kisukari wa miaka mingi akipata ghafla pumzi fupi, jasho baridi, kichefuchefu au udhaifu usioeleweka, au sukari ikipanda bila sababu, msisubiri maumivu ya kifua. Hapa Uingereza pigeni 999. Nyumbani, apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na aliyempeleka aseme wazi: "Huyu ana kisukari, tunaomba moyo wake uangaliwe." Sentensi hiyo fupi huweza kumwondoa mtu katika foleni ya malaria.

Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Wengi wetu tunaye angalau mmoja katika familia. Tusingoje sindano ya peptidi ndipo tuanze kumwangalia.

Mwisho, ombi kwa walimu wetu. Katika makala hii tumetumia "neuropeptidi", ingawa wapo wanaopendelea "peptidi za neva", na "vagasi" bado inaonekana ngeni. Tunaomba maoni yenu kabla ya toleo lijalo, ambapo, Mungu akipenda, tutazungumzia figo, jirani wa karibu wa moyo ambaye kisukari humtembelea naye kimyakimya.